Mbio Nilizokimbia na Kikopo Mkononi

Mimi ni Deo wa Mkuyuni, mkulima wa mpunga, na kwa miaka kumi na minne nilikuwa mkimbiaji wa mkiani. Tangu shule ya msingi nilitaka kitu kimoja tu, kuvaa jezi ya timu ya mkoa. Kila mwaka kwenye mchujo pale mjini nilikuwa nafika watu wameshaanza kukunja turubai. Mwalimu wangu ni Mjomba Kobelo, ndugu wa mama, ambaye naye aliwahi kukimbia ujanani. Alfajiri napandisha barabara ya Matombo, narudi, kisha nakaa kwenye mfereji wa majaruba ya mpunga, maji kiunoni, miguu ipoe. Wakimbiaji wote wa kwetu tulifanya hivyo.

Mwaka juzi mkojo wangu ukaanza kuwa mwekundu. Kwanza matone ya mwisho tu, tena yakiunguza, halafu wote, kama juisi ya rozela. Nikamwambia mjomba. Akacheka. "Huo ni mkojo wa mkimbiaji, Deo. Sasa ndiyo umeanza kukimbia."

Kwetu Waluguru mjomba akishasema, hata mama haongezi neno. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikadhani nimepanda daraja.

Ila nina udadisi tangu utoto. Kilima nilichokuwa nakipanda huku napiga soga sasa kilinikalisha chini, na kope zangu kwa ndani zilikuwa nyeupe. Nikajiuliza, kama damu inaletwa na mbio, nisipokimbia itakuwaje? Nikamdanganya mjomba kwamba nimeteguka kifundo, nikapumzika siku tano. Kila siku nakojoa kwenye chupa, naiinua juani, naitazama. Siku ya tano mkojo bado ulikuwa mwekundu. Hapo nikaogopa kweli.

Nikaenda hospitali mjini. Mtaalamu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani, alinipa kikopo na kuniambia nirudi saa sita mchana, tena kabla ya kukojoa nizunguke uwanja mbio. Nilidhani ananitania. Nikamuuliza kwa nini.

"Ukikimbia, mayai ya minyoo yanatoka kwenye kibofu," akasema. "Usipokimbia naweza nisiyaone."

Basi nikakimbia na kikopo changu, wagonjwa kwenye mabenchi wakinihesabia mizunguko na kunipigia makofi. Hizo ndizo mbio za kwanza maishani mwangu nilizoongoza.

Nikamwomba nami nione, akaniachia hadubini. Lilikuwepo yai, lina mwiba nyuma. Daktari akasema ni kichocho, vijidudu vyake hukaa kwenye maji yaliyotulia na kupenya ngozi. Akaniuliza naoga wapi. Nikaukumbuka mfereji, nikaona aibu.

Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, nikavimeza vyote siku hiyohiyo. Tumbo likanikata, kichwa kikazunguka mpaka jioni. Baada ya hapo ikawa dawa za kuongeza damu, na miezi ya kutembea tu.

Kumwambia mjomba kulinishinda wiki nzima. Nilipomweleza aliinama akatazama miguu yake.

"Wangu pia ulikuwa mwekundu," akasema. "Nilipoishiwa nguvu niliona mbio hazikuwa zangu, nikaziacha."

Kesho yake nilimpeleka maabara. Yule mama akampa kikopo, na mjomba wangu na mvi zake akazunguka uwanja, mimi nikikimbia pembeni yake. Naye alikuwa na kichocho. Akatibiwa.

Kwenye mchujo uliofuata walichukua sita, na mimi nilikuwa wa sita. Kabla ya kupokea jezi nilikimbilia chooni. Nilipotoka mjomba alikuwa mlangoni, na hakuniuliza habari ya jezi.

"Rangi gani?"

"Njano, mjomba."

Akalia palepale, mbele za watu.

Namshukuru Mungu, na yule mama wa miwani. Siku hizi napoza miguu kwa ndoo ya maji ya bomba. Na wewe unayeona damu ukajikaza, usimuulize mkimbiaji mwenzako, hata akiwa mjomba wako. Nenda kachukue kikopo, na umchukulie na yeye.