Maji ya Tshopo Ndani ya Betri

Siku ile inanirudia, mwanangu, kila nikikuona umepiga magoti mbele ya hicho kigari cha kuchezea cha mtoto wako, ukitafuta betri ya kukipa mbio zaidi. Weka bisibisi chini kidogo. Na mtoto ashuke kwanza.

Mimi miguu yangu ilikufa nikiwa mdogo, unajua. Mama alinibeba mgongoni mpaka nikawa msichana mkubwa. Watu wa Kisangani wakicheka, aliwajibu kwa matusi ya kwao Maniema ambayo sitayarudia hapa. Ndipo masista fulani wazungu, wakirudi kwao, wakaniachia kigari cha umeme cha magurudumu matatu, betri yake chini ya kiti. Weee! Ilikuwa enzi za Zaire, sote tukiitana citoyen, yaani raia, nami nikajiona kamishna wa mkoa! Nilikwenda mwenyewe kuuza mikate ng'ambo ya mto mkubwa, mama akinifuata nyuma, akilalamika kwamba namkimbiza.

Betri ikazeeka. Kaka yangu Amisi, kijana wa maneno mengi, hakutaka kumwendea fundi wa betri, mzee mkali wa mtaa wa pili, eti hawezi kuulizwa maswali kama mtoto wa shule. Akachukua ndoo akaenda kwenye maporomoko ya mto Tshopo, pale mitambo inapotoa umeme wa mji.

"Mayi hii inawasha Kisangani muzima," akaniambia. "Itashindwa na kasanduku kamoja?"

Nami nikaona ana akili, Mungu wangu! Akamwaga nusu ya maji makali ya betri uani, majani yakaungua palepale. Akajazia ya mto. Mama alitoka jikoni, akayatazama majani yale.

"Kitu inachoma majani vile, munaimwanga, munaweka mayi ya samaki? Muende kuuliza kwanza."

"Mama, wewe unajua nini mambo ya courant, ya umeme?" Amisi akacheka. Nami nikacheka.

Asubuhi yake kigari kilitembea vizuri kwenye tambarare. Mimi na mama tukavuka mto mkubwa kwa bac, ile feri yetu. Ng'ambo kuna mwinuko wa kutoka majini hadi barabarani. Katikati ya mwinuko kigari kikakoroma, kikazima. Nikavuta breki, ikashika, ikaachia. Kikaanza kurudi nyuma.

Yarabi! Mwanangu, nyuma yangu ni mto ule, maji yanavyokwenda kwa nguvu, na mimi miguu sina. Mikate ilidondoka mmoja mmoja mbele yangu.

Halafu kikasimama ghafla. Nikageuka. Mama alikuwa ametia mguu wake chini ya gurudumu. Si jiwe, si gogo. Mguu wake, na kandambili yake! Hakuwa na nafasi ya kutafuta kitu kingine. Mfupa niliusikia. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu nami natetemeka.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo! Sisi tusiosikia tulibaki wazima. Guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Amisi alifika hospitali analia. Mama hakumtukana. Alimwuliza tu, akimwita papa kama tunavyowabembeleza wana wa kiume, "Alors, papa yangu, ulijaribia betri kwa mutoto wangu. Gunia ya muchanga haikukuwa?"

Basi nisikilize. Soma volti zilizoandikwa kwenye betri ya zamani, mpya ifanane nayo; ukizizidisha ili kikimbie, mota itaungua na breki zitabaki zilezile dhaifu. Kama ni betri ya kutiwa maji, usiitie ila maji yaliyosafishwa ya betri, ya dukani. Kuuliza si ujinga, nenda kwa fundi mkali akakuaibishe, aibu haivunji mfupa. Kisha weka gunia la mchanga kwenye kiti, ukipandishe kigari mlimani, ukizime katikati. Usiniambie kinakimbia namna gani. Niambie kinasimama namna gani.

Mama alichechemea mpaka kaburini, na hakunikumbusha siku ile hata mara moja. Mungu akukuzie huyo mtoto, acheze mpaka achoke, azeeke akiwa na viungo vyake vyote. Akupe na wewe mtu wa kutia mguu wake chini ya gurudumu kwa ajili yako, na siku ya kumhitaji isikufikie kamwe. Amina.