Karakana Iliyobomolewa Nikiwa Ndani

Kwetu ni ukoo wa malori. Babu alipotoka jeshini zama za mkoloni aliingia biashara ya usafirishaji, baba akafuata, ndugu zangu wote wakashika usukani. Mimi nikashika ndoo. Tangu utotoni, nikipanda lori likapiga kona mbili, tumbo langu linageuka. Nimetapika njia yote ya Merti. Kulamawe nilitapika nikiwa nimeshashuka, lori limezimwa, dereva anakunywa chai, kwa sababu ya kumbukumbu tu. Baba alikuwa ananitazama kwa huruma, halafu anawaambia abiria, "Huyu atasoma."

Nikasoma. Serikali za kaunti zilipokuja nikapata kazi ya ofisi hapa Isiolo mjini, kazi ya kiti kisichotembea, alhamdulillah, na nikajenga nyumba ya mawe. Lakini malori hayakunitoka moyoni. Nikaanza kuyatengeneza madogo ya kuweka mezani: bodi la bati la mikebe ya mafuta, magurudumu ya ndara kuukuu, vioo vya chupa za plastiki. Na si vitu vya kuchezea watoto, tafadhali. Ni malori kamili, yana springi, yana bomba la moshi, yana hata kamba ya turubai. Ila hayaendi popote, na hapo ndipo mimi na malori tulipoelewana.

Shida ilikuwa mahali pa kufanyia. Nilianzia kwenye meza ya chakula, na mambo yalikwenda vizuri mpaka mgeni mmoja alipokuta gurudumu ndani ya pilau. Alilitafuna muda mrefu sana, kwa adabu, akidhani ni nyama ya shingo. Alipolitoa mdomoni likiwa na matundu yake yote ya boliti, mama watoto alinigeukia mbele ya watu.

"Baba watoto, hii nyumba ama ni nyumba, ama ni gereji. Chagua."

"Na mimi nifanyie wapi?"

"Nje kuna nafasi kubwa. Mungu ameumba."

Basi nikatoka nje. Ninachotaka mjue ni kwamba nilikuwa na lori moja ambalo lazima nilimalize: lori la baba. Baba alikuwa ameshafariki, na lori lenyewe, lile la pua ndefu na kabini ya buluu, liliuzwa kipande kipande hata sikupata kuliaga. Nilichobaki nacho ni kiti cha dereva, kimechanika, springi moja imetokeza. Nilitaka mahali pangu mimi, nikalie kiti hicho, nilitengeneze lori hilo. Hayo tu. Sikuomba bahari.

Nikaweka meza barazani. Asubuhi ya kwanza nikapaka kabini rangi ya buluu safi kabisa, nikaingia ndani kunywa maji. Upepo wa Isiolo ulikuwa unanisubiri nigeuze mgongo. Niliporudi lori lilikuwa la rangi ya vumbi kuanzia pua mpaka mkia, na vumbi limeshikana na rangi kama unga kwenye mandazi. Jirani akachungulia juu ya ua, akasema, "Sasa ndiyo linafanana na lori la Merti." Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Nikajenga kibanda cha mabati. Nilijenga mwenyewe, kwa mikono hii, na ndiyo maana nakiongelea kwa kifupi. Saa sita mchana mle ndani ungeweza kuoka mkate. Gundi ilitiririka, magurudumu yakalegea, na mimi nikawa natoka kila baada ya dakika chache kupumua, nimelowa jasho chapachapa. Kisha upepo ukaja tena, ukang'oa paa, ukalilaza kwa jirani juu ya kuku wake. Kuku mmoja alipata mshtuko akaacha kutaga, na mpaka leo jirani huyo akila yai huniangalia.

Mama watoto alinikuta nimekaa kwenye kiti cha baba katikati ya misumari, nimeshika kichwa.

"Niache nikujengee," akasema.

"Wewe? Ujenge?"

"Kwani kwetu Korbesa nani hujenga? Mimi na mama tutakufanyia. Wewe kaa tu."

Wallahi nilijiona mjanja siku ile. Nani anakataa kujengewa? Nikamwambia, "Mama watoto, kazi hiyo nimekuachia yote." Maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia rungu.

Mama mkwe alifika kwa pikapu kutoka Korbesa, huko njia ya Merti, yeye na wanawake wawili wa ukoo wake, na nyuma wamebeba nyumba nzima: fito zilizopindwa, mikeka, ngozi, kamba za kila unene. Mama mkwe ni mtu wa Kiborana. Kiswahili anakijua, ila hukitumia anapotaka yeye. Mimi sikumsogelea sana, maana mkwe na mama mkwe lazima kuwe na heshima, kuna nafasi ya kuacha. Nilikaa mbali nikanywa chai na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeusikia. Kabla chai haijaniishia chupani, nyumba ilikuwa imesimama. Duara, nadhifu, haina msumari hata mmoja. Upepo ukaja kwa kiburi chake, ukagonga mikeka, ukazunguka kando ukaenda zake.

Ndani kulikuwa na baridi tamu. Nikaingiza kiti cha baba, meza, rafu ya makreti ya soda, taa iliyovutiwa waya kutoka nyumba ya mawe, kikopo cha plaisi na bisibisi, na kipande cha zulia chini ya miguu. Siku ya kwanza nilipokikalia kile kiti, kichefuchefu kilinijia kidogo, mazoea ya mwili. Nikavuta pumzi, nikajikumbusha kwamba hatuendi mahali. Kikapita. Aisuuu, nilistarehe! Wiki ile kabini ilikamilika, buluu ya kweli, bila chembe ya vumbi.

Kisha mama mkwe akasema nyumba ya mawe ina joto, yeye atapumzika kidogo mle kwa mikeka.

Ungefanyaje? Huwezi kumwambia mama mkwe atoke, wala huwezi kuingia tu akiwa amejinyoosha. Nikawa nasimama mlangoni kwa karakana yangu mwenyewe, nakohoa.

"Mama, samahani, naomba plaisi. Iko kwa kikopo."

Mkono ukatokea na bisibisi.

"Si hiyo, mama. Ile ya kukatia waya."

Mkono ukatokea na brashi. Kisha tochi. Kisha kikombe cha chai, nikajua mazungumzo yamefungwa. Nikanywa chai pale nje, kwenye jua, nikisikia mama mkwe akicheka na binti yake, na springi ya kiti cha baba ikilia mtu anapojigeuza. Alikuwa amekikalia!

Nilivumilia mpaka uvumilivu ukaisha. Jioni nikamwita mama watoto kando. "Mweleze mama yako kwa upole kwamba ile ni karakana yangu."

"Yako kivipi? Uliijenga?"

"Nili... nilitoa ruhusa."

Mama mkwe, ambaye sikujua yuko nyuma ya mkeka, akaamua kwamba hii ndiyo siku ya Kiswahili.

"Kwetu nyumba ni ya mwanamke aliyejenga," akasema. "Mwanaume anakaribishwa. Kwani nyinyi kwenu nani anajenga?"

"Kwetu ni mawe, mama. Fundi ndiye hujenga."

"Basi hiyo ya mawe ni ya fundi?"

Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaona bora nitafute msaada kwa watu wangu, nikampigia simu shangazi, mwanamke mkali, nikamsimulia jinsi ninavyoonewa. Shangazi naye akacheka. "Mjinga wewe. Unafikiri nyumba ya bibi yako kule malishoni ilikuwa ya nani? Babu yako alikuwa mgeni wake mpaka alipokufa. Nyinyi mmezaliwa mjini, mmesahau kila kitu." Akakata simu.

Ikafika asubuhi ya mama mkwe kurudi kwao. Nikafurahi moyoni, Mungu anisamehe, nikaamka mapema, nikaingia karakana, nikakikalia kiti. Lori lilikuwa limeisha lote, limebaki bodi la nyuma, tupu. Nilikuwa sijajua nilipakie nini. Mbuzi? Sukari? Nikawa nalitazama. Hapo mwanga ukaniingia usoni.

Mkeka mmoja ulikuwa umetoka.

"Mama watoto?"

"Mama anaenda na nyumba yake," akajibu kutoka nje, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mikeka ni yake. Nilidhani unajua."

Ningejuaje? Nani huenda kusalimia binti yake na kuondoka na jengo? Nilitaka kupiga kelele, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza: nikakaa. Nikashika pembe za kiti cha baba nikajiambia, hapa sitoki. Wakivunja, wavunje nikiwa ndani.

Wakavunja nikiwa ndani. Mkeka wa pili, wa tatu, ngozi za juu. Wanawake walinizunguka wakifungua kamba kama vile mimi ni kigingi. Mmoja alisema samahani akaninyanyua mguu, akatoa ufito, akaurudisha mguu mahali pake. Mwishowe nikabaki nimekaa wazi kabisa katikati ya ua, nimevaa kikoi, taa inawaka juani, meza mbele yangu, zulia chini, na jirani ameegemea ua na kikombe chake, anatazama kama watu wanavyotazama mpira. Nilitaka kulia. Si kwa ajili ya aibu. Nilikuwa na mahali, na sasa nilikuwa sina.

Mama mkwe akaja kuchukua kamba iliyokuwa chini ya kiti. Akainama, akasimama, akaliona lori kwa mwanga wa jua. Akalitazama pua. Akalitazama kabini. Akanitazama mimi, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Hii lori ya nani?"

"Ya marehemu baba, mama."

"Ilikuwa inakuja Merti. Buluu."

"Ndiyo, mama."

Akavuta debe akaketi, akaongea taratibu, akikosa neno binti yake anamsaidia. Mwaka mmoja wa ukame, akasema, walihama. Ngamia walikuwa wamekufa, hapakuwa na wa kubeba nyumba, zikaitwa lori. Nyumba haifunguliwi kwa haraka, na yeye alikuwa na mimba kubwa ya mama watoto, mikono inavimba. Lori nyingine zilipiga honi, madereva wakatukana, wakaondoka. Moja ikabaki.

"Baba yako alikaa kwa kiti yake," akasema. "Nafungua, yeye amekaa. Jua limepanda, yeye amekaa. Hakupiga honi. Alikuwa anakohoa tu, kidogo, kunijulisha bado yuko."

Akagusa springi iliyotokeza kando ya paja langu. "Hii kiti."

Jirani mwenyewe aliweka kikombe chini.

Mama mkwe akachukua plaisi kutoka kwenye kikopo. Plaisi yenyewe! Bila kupapasa! Kumbe siku zote alikuwa anaijua. Akakata vijiti, akavipinda, akakata ukingo wa mkeka vipande vidogo vya kutosha kidole, akavikunja, akaanza kupakia bodi la lori la baba: mikeka chini, fito juu, zikipinda kama mbavu, akakaza kwa uzi. Juu kabisa akataka kitu cha kuwa kibuyu cha maziwa. Mama watoto akainama kutafuta, akaganda.

"Hizi taa za mbele si shanga zangu?"

"Mama watoto, tafadhali, wakati kama huu..."

"Ni shanga zangu! Nimezitafuta tangu Idd!"

Akang'oa moja, akampa mama yake, na lori la baba likabaki chongo. Mama mkwe akaifunga shanga juu ya mzigo, akalitazama lori, akatikisa kichwa polepole. Kisha akawaambia wale wawili neno moja kwa Kiborana, nao wakaishusha mikeka kutoka kwenye pikapu, wakaanza kufunga upya, kunizunguka mimi, hakuna aliyenitaka ninyanyuke.

"Nyumba inabaki kwa binti yangu," mama mkwe akasema. "Wewe ukikohoa, atafungua."

Lori alilichukua. Hakuniuliza, na nisingekataa. Alilipakata mapajani mbele ya pikapu, jicho moja la lori linatazama njia ya Merti, na mama watoto aliporudi ndani ya nyumba mimi nilibaki nimesimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Nililia vizuri tu, nikamwambia jirani ni rangi.

Siku hizi nakohoa. Mama watoto yuko mle na shanga zake, amechukua nusu ya meza na rafu yote ya juu, na mimi napewa chai kama mgeni, kitu ambacho kwa nyumba ya mawe sijawahi kukiona. Nimetengeneza lori la baba upya, buluu ileile, taa zote mbili, za kununua. Bodi nimeliacha tupu. Watu wakija huuliza mbona halina mzigo, nami huwaambia umeshashushwa, tumekaa ndani yake, na wavue viatu.