Damu ya Ma'mdogo Haikuota Kitu

Ma'mdogo wangu ni fundi cherehani, na ukimkuta kazini utadhani kaota masharubu ya chuma. Pini zote anazibana mdomoni. Anaongea nazo, anacheka nazo, na hakuna inayodondoka. Mteja akilalamika suruali inambana, anajibiwa kwa kona ya mdomo: "Suruali haina kosa, baba. Ni wewe umefutuka."

Basi homa ikamshika. Jioni inapanda, asubuhi shuka limelowa chapachapa. Malaria hana, kifua kikuu hana. Mwili ukayeyuka, magoti yakavimba. Hospitali wakampiga picha ya moyo, wakaona kitu kwenye mlango mmoja wa moyo, kinapepea kama uzi uliochomoka kwenye pindo.

Daktari wake, mama mmoja asiyezungukazunguka, akanivuta koridoni.

"Wewe ni mwanawe?"

"Wa dada yake. Ila ndiye aliyenilea."

"Sikia. Kile kitu kinaweza kuwa wadudu wamejenga pale. Inaweza pia kuwa kinga ya mwili wake imemgeuka, inamshambulia mwenyewe. Kwenye picha vinafanana. Homa na viungo kuuma, kote vipo. Ila tumeotesha damu yake kwenye chupa za maabara, hakuna mdudu aliyeota."

"Si ndiyo habari njema hiyo?"

"Inanivuta kwenye kinga. Na dawa yake ni ya kuipunguza hiyo kinga. Kama nimepatia, atapona. Kama wadudu wamo wamejificha, nitakuwa nimewafungulia geti. Mchana huu naanza, maana figo zinachoka."

Nikarudi kitandani kwake.

"Mbona umekunja sura kama shati la jana?" Ma'mdogo akaniuliza.

"Hukunywa dawa yoyote kabla ya kuja huku?"

"Na wewe? Nesi kaniuliza, daktari kaniuliza. Sijanywa!"

Nikatoka mbio kwenda kibandani kwake kumchukulia nguo za kubadili. Fundi mwenzake, tunamwita Kifungo kwa ufupi wake, akanisukumia kopo la pini.

"Mpelekee na hizi, asije akakosa cha kubana mdomoni."

Chini ya pini kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, vile vyenye unga ndani.

"Hizi za nini, shangazi?"

"Za vidole! Pini ikituchoma tunapasua kimoja, tunamwagia unga. Yeye siku hizi anameza. Homa ikipanda kimoja, ikishuka anaacha."

"Mbona kasema hajanywa dawa?"

"Dawa? Hiyo kwetu ni kifaa cha kazi, kama chaki."

Nguo nikaziacha hapohapo, vidonge nikavifumba kiganjani. Nilivyokimbia barabarani watu walidhani nimeiba. Wodini nikamkuta nesi kashavuta ile dawa ya kupunguza kinga kwenye sindano, mkono wa Ma'mdogo umenyooshwa.

"Nesi, ngoja!"

"Ningoje nini, kaka? Toka hapo."

"Muite daktari! Anameza hizi!"

Daktari akaja, akavitazama vidonge kiganjani kwangu, akamgeukia mgonjwa.

"Mama, hizi unazijua?"

"Ah, hizo? Hizo za pini."

Daktari akafumba macho kidogo. "Hizi haziponyi huo ugonjwa. Zinawalaza wadudu tu, ukipima unakuta kimya. Nesi, weka sindano chini."

"Kwa hiyo ni wadudu?" nikauliza, jasho linanitiririka.

"Sijui. Ila sasa najua kwa nini sijui."

Kwa kuwa wodini hakuwa na vidonge vyake, wakatoa damu upya, mikono yote miwili, kisha wakamwanzishia dawa ya wadudu. Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu vile. Kila mlango wa wodi ukilia, nasimama.

Daktari alirudi na jibu. Chupa zilikuwa zimeota. Mdudu wa mdomoni, wa kwenye fizi, anayeingia kwenye damu fizi ikichomwa.

"Mama, huwa unaweka nini mdomoni?"

Ma'mdogo akanitazama mimi, mimi nikatazama dari.

Alilazwa na dripu wiki nyingi, akarudi kakonda lakini mzima. Pini sasa anazichomeka kwenye kijimto alichojifunga mkononi. Mdomo uko wazi kutwa nzima, na wateja ndio wanaokoma.