Dawa Niliyoiacha Ramadhani

Mtaani kwetu Tabora walikuwa wakinisifu kwa jambo moja: nilikuwa mlevi wa miezi kumi na moja tu. Mwezi mtukufu ukiandama, sigusi chupa. Nafunga, nasali tarawehe, nakaa kwenye cherehani yangu barazani pa duka la vitambaa na kushona kanzu za Idi mpaka vidole vinakufa ganzi. Mimi nilijisifu kuliko wao. Anayeweza kuacha siku thelathini, nilisema, huyo si mlevi, ni mtu anayependa kunywa. Idi pili nilikuwa Bukene, ambako hakuna anayemjua marehemu baba yangu, nikifidia.

Ndoa ya binti yangu mkubwa ilifungwa bila mimi. Aliyeshika mkono wa bwana harusi na kumwozesha alikuwa mdogo wangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala kwenye banda la pombe ya kienyeji nje ya mji, sijui asubuhi wala jioni. Sitaipamba habari hiyo. Miaka sita baadaye, binti yangu wa pili alipoposwa, alinifuata barazani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Baba, ndoa itakuwa Mfunguo Mosi, baada ya Idi, mwisho mwisho wa mwezi," akasema. "Nataka uniozeshe wewe. Ila ukija umelewa ataniozesha baba mdogo, na tusijuane tena."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Angelia ningejua la kufanya, maana machozi ya nyumbani nilikwisha kuyazoea. Ule utulivu wake ndio ulionitia hofu. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, Shaabani na Ramadhani zikiwa bado mbele, na kesho yake nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, rika la binti zangu. Akaniamkia, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake, kisha nikamwambia nakunywa bia tatu kwa siku. Akaandika. Akaniangalia. "Na pombe kali, mzee?" Basi nikatoa yote. Nilipomweleza jinsi ninavyoacha ghafla kila Ramadhani, na siku tatu za mwanzo mikono inavyotetemeka hata nisione tundu la sindano, nilitarajia sifa. Akanigombeza. Alisema kuacha ghafla namna ile kunaweza kumwangusha mtu kifafa, hata kumuua.

Akanipima damu kuangalia ini, akauliza kama natumia dawa kali za maumivu, maana haziendi pamoja na dawa aliyotaka kunipa, ndipo akanipa vidonge. Kimoja kila siku, baada ya kula. Alinieleza kwamba dawa haitanifanya niichukie pombe, bali itaondoa ule utamu unaonivuta. Pombe yenyewe akanipangia kuipunguza kidogo kidogo, na kila wiki nirudi tuzungumze.

Wiki ya kwanza kichefuchefu kilinitesa, nikamtukana kimoyomoyo. Wiki ya tatu niliagiza bia, nikanywa nusu, nikajikuta natazama barabara. Ilikuwa baridi, ilikuwa bia ileile, lakini haikuniita. Nikaiacha mezani na kwenda zangu. Mhudumu alinikimbilia akidhani nimeugua. Mimi nilicheka njia nzima, nilifurahi mno. Mwisho wa Shaabani, wenzangu walipokuwa wakivunja jungu kabla ya mfungo, kwa kula na baadhi yao kwa kunywa, mimi nilikula pilau na kulala mapema. Sikuwa nimeonja kitu kwa siku kumi.

Halafu nikafanya ujinga ambao ni mlevi mfungaji tu anayeweza kuufanya. Ramadhani ilipoingia, niliweka vidonge juu ya kabati. Ramadhani mimi sinywi, dawa ya nini? Tena nilizoea kuimeza baada ya chai ya asubuhi, na sasa chai ya asubuhi haipo. Hata kuuliza sikuuliza. Nilijiona mjanja kuliko daktari.

Wiki tatu zilikwenda vizuri, nikazidi kuvimba kichwa. Siku ya ishirini na sita, napiga vifungo kwenye kanzu, nilijisikia nikimwambia mke wangu aliyeniletea vitambaa: "Idi pili nitakwenda Bukene. Kuna mteja anataka suti."

Hakukuwa na mteja. Sikuwa nimepanga kusema vile, maneno yalitoka yenyewe, laini, yamenyooshwa kama shati lililopigwa pasi. Mke wangu aliviweka vitambaa juu ya meza, akasema, "Sawa," akaondoka. Sawa ile naijua. Ndiyo aliyokuwa akinijibu miaka yote.

Nilikaa nikauma uzi. Mate yalikuwa yamenijaa mdomoni, na si kwa njaa ya saumu. Niliona haya, kisha hasira zikanipanda, hasira za kujikasirikia mwenyewe. Nikafunika cherehani mchana huohuo, wateja wa Idi wakinipigia kelele, nikapanda bodaboda mpaka hospitali.

"Mzee," daktari akasema baada ya kunisikiliza, "si ungemeza baada ya futari?"

Kumbe ni hivyo tu. Jioni ile nilifuturu kwa tende na uji, nikala, nikameza kidonge mbele ya mke wangu, nikamwambia kwamba yule mteja wa Bukene nilimzua. "Nilijua," akasema, akanisogezea maji. Idi pili nilishinda nyumbani na wajukuu, na hamu ilikuja mara mbili, fupi, ikapita.

Siku ya ndoa mdogo wangu alikuja amevaa joho lake zuri na kukaa nyuma yangu. Nilijua kwa nini, maana mimi ndiye niliyemwomba: akinusa chochote, ashike mkono yeye. Sheikh naye alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Nikamwachia anuse mpaka aridhike. Kisha akaniambia nishike mkono wa bwana harusi, nikaushika, wangu mkavu na imara. Nikasema, "Nimekuozesha binti yangu," nikalitaja jina lake na mahari, bila kurudia neno. Turubai zima lilisikia.

Baadaye, watu wakiwa kwenye chakula, binti yangu mkubwa alikuja na sahani ya pilau akakaa karibu yangu. Tulikula pamoja.

"Siku yangu walisema una homa," akasema.

Ningeweza kunyamaza. Siku ilikuwa njema, na watu walikuwa wakinipa mkono wa pongezi kila dakika.

"Sikuwa na homa, mwanangu. Nilikuwa nimelewa."

"Najua, baba," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."