Unga Usiotazamwa

Maabarani tulimwita Mama Kichocheo, naye hakukasirika. Nguvu za kukasirika angezitoa wapi? Kazi yake ilikuwa unga mweusi wa shaba na nikeli, kichocheo chenyewe, uliofungiwa ndani ya bomba la chuma. Juu ya unga ule, katika joto kali, alipitisha kimiminika kilichotengenezwa kwa magunzi ya mahindi, pamoja na gesi ya haidrojeni. Upande wa pili yalidondoka matone ya kuchanganya na petroli ili iungue vizuri. Yalinuka vibaya, mimi niliyeyapima kutwa nzima najua.

Shida ni kwamba unga huchoka. Huanza vizuri, kisha hushikwa na masizi, matone yakapungua, na Mama Kichocheo akaanza upya. Miaka yake yote pale ilikuwa hiyo, kuanza upya. Binti yake alilelewa na bibi yake katika mji wa mbali, na ahadi ya mkurugenzi ilikuwa moja: unga ukidumu hadi mwisho wa jaribio, mama wa watu apewe uhamisho arudi kwao. Safari hii ulikuwa unadumu. Zilibaki siku chache tu. Amekonda, macho mekundu, lakini akipita karibu na bomba utamsikia ananong'ona, "Jikaze, mwenzangu."

Ndipo wakaja wafadhili. Mkurugenzi wetu, mtu wa tabasamu pana na asiyesikia la mtu, akawazungusha hadi penye bomba. Mgeni mmoja, mzee mpole kabisa, akauliza, "Huo unga wenyewe tunaweza kuuona?"

"Ukiwa hai hauonekani, mzee," Mama Kichocheo akasema. "Ukipigwa na hewa unaungua. Labda jaribio likiisha, tuutulize polepole kwanza."

"Kidogo tu, mama," mkurugenzi akacheka. "Wageni wametoka mbali."

Nilimkonyeza akatae. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Alisimama na spana mkononi, akashusha pumzi, kisha shingo upande akazima moto, akafunga haidrojeni na kusafisha bomba kwa naitrojeni. Wageni walikunywa chai wakisubiri lipoe.

Akaumimina kwenye sahani ya kauri. Ulikaa mweusi kidogo, kisha ukawaka mwekundu kama kaa lililopulizwa. Wageni wakapiga makofi. Wakapiga picha. Ulipozima ulikuwa jivu la kutupa.

Mkurugenzi aliwasindikiza, akarudi anakimbia. "Mama, wamefurahi mno! Wameongeza muda wa mradi, na wewe ndiye wamekutaja!"

"Na uhamisho wangu?"

"Sasa uhamisho gani tena, mama? Jaribio si halikufika mwisho? Jumatatu unaanza jingine."

Mama Kichocheo alisugua bomba, akanawa mikono, akaketi barazani. Nikaketi kando yake. Simu ikaita, alikuwa binti yake, na sauti yake niliisikia wazi.

"Mama, jaribio limekwisha?"

"Limekwisha, mwanangu."

"Kwa hiyo unakuja!"

Mama Kichocheo akaifunika simu kwa kiganja, akaninyooshea.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nimechoka."