Dakika Tano za Mama Futi

Shangazi yangu alifanya kazi idara ya mipango miji kwa miaka thelathini na mbili, na muda wote huo hakuamini ramani ambayo mchoraji wake hakutoka jasho. Wenzake walimwita Mama Futi kwa sababu ya futi kamba aliyoibeba mkobani pamoja na chupa ya maji na ndizi mbili. Miguu yake ilikuwa mirefu, ulimi mrefu zaidi. Nampenda, ila siku zile sikuwahi kutembea naye nikafika nikiwa na pumzi.

Ulipobaki mwaka mmoja astaafu, mezani kwake ulitua mpango wa kuhamisha soko la mboga. Soko la zamani lilikuwa katikati ya makazi, limejaa matope, na viongozi walilionea haya. Jipya lingejengwa nje ya mji, lenye paa zuri na maegesho ya magari mia mbili. Karatasi ilisema kutoka kwenye makazi hadi huko ni dakika tano. Shangazi alisoma, akavua miwani, akauliza nani alipima. Mkuu wa idara akajibu kwamba alipima mwenyewe, akiwa na dereva wake.

Hilo lilimkera, na mimi linanikera mpaka leo. Watu wa idara ile waliingia kazini kwa gari wakatoka kwa gari, hakuna hata mmoja aliyeona kosa katika zile dakika. Kwenye makazi yale wenye magari walihesabika. Soko likienda mbali, mchicha nao ungekwenda mbali, na karibu vingebaki vibanda vya viazi vya kukaanga na soda. Na mwaka huohuo halmashauri ilikuwa imebandika mabango kila kona: kuleni mboga, fanyeni mazoezi. Mkono mmoja unabandika bango, wa pili unahamisha mchicha!

Mkuu wa idara alimtaka asaini. Alimkumbusha, kwa upole wa kutisha, kwamba mtu aliyebakiza mwaka mmoja kazini anaweza kuukosa hata huo mmoja. Shangazi akapiga moyo konde, akapanda ngazi hadi ofisini kwa meya.

"Mheshimiwa," alimwambia, "kabla sijasaini, naomba twende wote huko litakakojengwa soko. Kwa miguu."

Meya alikuwa mtu mnene, mcheshi, na aliamini ni dakika tano, basi akakubali. Walianzia katikati ya makazi. Shangazi alimkabidhi kikapu chenye kabichi mbili, nyanya na mafungu ya mchicha, maana hakuna anayetoka sokoni mikono mitupu. Njia nzima haikuwa na sehemu ya waenda kwa miguu, kwa hiyo kila lori lilipopita waliruka mtaroni. Mkuu wa idara alifuata nyuma, viatu vyake vya kung'aa vimeshabadilika rangi. Shangazi hakupunguza mwendo hata kidogo. Dakika ya ishirini na tano meya aliketi juu ya jiwe, akatua kikapu, akafungua kifungo cha shati. Kiwanja chenyewe cha soko bado kilikuwa mbele huko.

Shangazi alidhani kazi yake imeota mbawa. Meya alifuta jasho, akatazama walikotoka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Soko halihami, mama."

Aliagiza soko la zamani liwekwe sakafu na mifereji, na njia za miguu zenye miti zijengwe kutoka kila mtaa hadi hapo. Tangu siku hiyo hakusaini mpango wowote ambao njia yake haijatembewa na mtu mwenye mzigo mkononi. Namheshimu kwa hilo. Wakubwa wengi wakiaibika hutafuta wa kumlaumu, yeye alitafuta viatu vya kutembelea.

Walitofautiana jambo moja tu. Meya alitaka mabenchi kila baada ya hatua mia mbili. Shangazi alipinga, akisema benchi ni la wavivu, mtu akikaa hanyanyuki. Walivutana wiki nzima, na meya akashinda kwa cheo.

Sasa ni miaka tisa, na shangazi bado huenda sokoni kila asubuhi. Juzi nilimsindikiza. Njia ilikuwa na wanafunzi, akina mama na vikapu vyao, na wastaafu wawili wanaofanya mazoezi huku wakisengenya. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimtangulia. Nilipogeuka nilimwona ameketi kwenye benchi, kikapu mapajani, mkono kwenye goti. Nilirudi nikakaa kando yake. Utani nilikuwa nao mdomoni, lakini moyo ulikataa.

"Najua unachotaka kusema," aliniambia. "Usiseme."

Kisha akapigapiga ubao wa benchi kwa kiganja.

"Mimi nilipima njia kwa miguu yangu ya wakati ule. Yule mheshimiwa alipima kwa hii ya leo."

Akanyanyuka, akanipa kikapu nibebe, tukaenda kununua mchicha.