Uso wa Baba Ndani ya Filamu

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomfanya baba yangu agombane na rafiki yake mbele ya kamera, nami nikajiona nimefanya kazi nzuri. Nakueleza haya kwa sababu umerudi Garsen na kamera yako mpya, na umeniambia unataka kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mto wetu. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila ulisema neno moja likanikosesha usingizi: kwamba filamu ya namna hiyo haina haja ya kutungwa, unawasha kamera tu na ukweli unaingia wenyewe. Hebu keti kidogo. Mimi niliwahi kusema hivyohivyo, nikiwa mdogo kuliko wewe na mjuaji kuliko wewe, ingawa kwa ujuaji nawe hujambo.

Shamba letu lilikuwa karibu na Kulesa, ukingoni mwa Tana. Baba, Mzee Komora, alilima mahindi na ndizi, na katikati ya shamba aliacha njia pana isiyolimwa. Hiyo ndiyo malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushuka mtoni kunywa maji. Aliyeitumia zaidi ni mfugaji mmoja aliyeitwa Guyo, rafiki wa baba tangu ujana wao. Guyo akija na ng'ombe huja na kibuyu cha maziwa, na baba akishavuna humwachia mabua. Mwaka mmoja wa ukame mbaya ng'ombe waliingia kwenye mahindi, baba akainua panga na Guyo akainua fimbo. Hakuna aliyepigwa. Wazee walikaa nao siku tatu, wakapima upana wa malka kwa hatua na kusimika vigingi pande zote mbili, na tangu hapo sikuwaona hata wakinuniana.

Basi wakaja watu watatu kutoka Nairobi na kamera kubwa ya kubeba begani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, wakaniajiri niwatafutie watu wa kuzungumza nao. Mkubwa wao alikuwa kijana mpole, wala usimfikirie kuwa mtu mbaya. Kwa siku mbili alipiga picha ng'ombe wakinywa maji na baba akipalilia, kisha akaniita kando.

"Dada, watu hawatakaa kutazama ng'ombe wakinywa maji," aliniambia. "Ule ugomvi ulionisimulia, hawawezi kuurudia kidogo tu?"

Nilipompelekea baba ombi hilo, alinitazama kama niliyeingiwa na wazimu. "Nimgombeze mtu ambaye leo asubuhi nimekunywa maziwa yake?"

"Si uongo, baba. Ugomvi ulitokea kweli. Mnaonyesha tu ulivyokuwa."

Alikubali kwa sababu nilikuwa bintiye na ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Guyo alikubali kwa sababu baba amekubali. Mara ya kwanza walicheka mpaka Guyo akakaa chini. Mara ya pili baba alisahau panga. Mara ya tatu yule kijana akamwambia baba afikirie mahindi yake yalivyokanyagwa siku ile, na baba akayafikiria. Uso wake ukabadilika. Guyo aliuona, akaacha kucheka, naye akainua fimbo. Yalipokwisha walisimama wakihema, kisha baba akamshika Guyo mkono, wakaenda kunywa chai. Huko wakaanza kutaniana, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajui kuigiza. Kamera ilikuwa imeshafungwa sandukuni. Niliyaona yote hayo na sikumwambia yule kijana aifungue tena.

Baba alifariki kwa homa kabla filamu haijaletwa. Ilipokuja, ilionyeshwa mchana katika ukumbi mmoja pale Garsen, madirisha yamezibwa kwa magunia. Kicheko hakikuwemo, wala chai, wala wazee na vigingi vyao. Alikuwemo baba na panga, Guyo na fimbo, na sauti nzito ya msimulizi ikisema kwamba hapa mkulima na mfugaji hawajawahi kupatana. Mwishoni jina langu likapita kwenye kitambaa cheupe. Nakuambia bila kuficha, mwanangu: nilipoliona jina langu kichwa kikanivimba, na ile sauti nikaisahau palepale.

Mdogo wangu Buya hakuisahau. Yeye alilelewa na mjomba huko Hola, akarudi nyumbani baba alipokwisha kuzikwa, na sasa shamba lilikuwa mikononi mwake. Alitoka ukumbini analia. "Kumbe baba alidhulumiwa hivi," alisema. Msimu wa kupanda ulipofika aling'oa vigingi, akapanda mahindi malka nzima. Alifanya hivyo kwa kumpenda baba, na mimi niliyejua nikanyamaza. Yule kijana wa Nairobi alikuwa ameniahidi kazi katika filamu yake nyingine, nikaogopa kwamba nikisema watu waliigiza, ahadi itavunjika.

Kiangazi kiliposhika, Guyo alikuja. Alikuwa akiwazungusha ng'ombe wake mbali sana kutafuta maji, na ndama kadhaa walikuwa wamefia njiani. Hakwenda kwa Buya. Alikuja mlangoni kwangu.

"Binti, mimi na baba yako hatuna karatasi," alisema. "Karatasi ilikuwa sisi wawili. Mmoja amekwenda. Sasa mimi nikisema peke yangu, nani ataniamini? Wewe ulikuwepo."

Nikajitetea. Nilimwambia filamu haikudanganya, kwani ugomvi ulitokea.

"Ulitokea siku moja," akasema. "Siku zingine zote umeziweka wapi?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, ningepata pa kukasirikia. Kesho yake nilipiga moyo konde, nikasimama mbele ya baraza la wazee na kusema yote: kwamba ni mimi niliyewaomba, kwamba walicheka, kwamba walikunywa chai pamoja. Wazee waliozikumbuka zile siku tatu wakaniunga mkono. Buya alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Dada, nimemwona baba kwa macho yangu. Sauti yake nimeisikia. Niyaache hayo nishike maneno yako?"

Nikachukua jembe nikaenda kuyang'oa mahindi mwenyewe. Nilipofika mstari wa tatu Buya alikuja akanisaidia, kwa kunionea haya, si kwa kuniamini. Malka ikafunguka na ng'ombe wakanywa. Lakini Guyo alipita bila kugeuza uso, na mpaka anakufa hakuingia tena kwetu kunywa chai. Kazi ya Nairobi nayo sikuipata, wala sikuililia.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Baba hana picha nyingine yoyote inayotembea na kusema, ni ile tu. Wajukuu wameipata kwenye simu, wanakuja kunionyesha. "Nyanya, baba yako alikuwa mkali!" Nawaambia hapana, alikuwa mtu wa mizaha, alikuwa akiimba akipalilia. Wananiitikia kwa adabu, kisha wanaitazama tena. Na mimi mwenyewe nikifumba macho nimtafute baba, unaonijia ni ule uso wa mara ya tatu, aliouvaa dakika chache kwa ajili yangu. Ule wa kila siku siuoni vizuri tena. Katika uzee huu, mwanangu, hilo hunitoa machozi.

Sikukatazi kamera. Kuna mambo ya mto huu yatapotea usipoyapiga picha wewe. Lakini mtu akishakufa, filamu yako ndiyo itakayomsemea, na hakuna atakayeweza kuiuliza swali. Kwa hiyo ukimwomba mtu arudie jambo, sema humohumo kwamba umemwomba. Usikubali msimulizi aseme "hawajawahi" juu ya watu aliokaa nao siku mbili. Ugomvi ukiisha usikimbilie kufunga sanduku, ngoja uone watakwenda wapi baada yake. Kabla ya kuonyesha popote, waite wenyewe waitazame, na wakikuambia hawakuwa hivyo, wasikilize hata kama picha imekupendeza sana. Na ng'ombe wakinywa maji, wapige picha, tena kwa muda mrefu. Atakayechoka kutazama na aondoke.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya macho na ya masikio, akuepushe na sifa za haraka, na miguu yako isichoke ukingoni mwa mto huu. Akujalie pia kwamba watoto wa hao unaowapiga picha, siku watakapoitazama kazi yako na wazazi wao hawapo tena, waseme: ndiye, huyu ndiye.